Beringi ya silinda ya tatu mliikosea ninyi, si mimi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUKATALIWA KWA DHAMANA YA INJINI ILIYOFANYIWA OVAHOLI

Ndugu Meneja,

Nimepokea jibu lenu kwamba dhamana ya injini niliyonunua kwenu imekufa kwa sababu niliifunga mwenyewe nyumbani. Silikubali jibu hilo. Kasoro ninayoilalamikia iko mahali ambapo mkono wangu haukufika.

Gari langu ni la mwaka 1993, petroli, silinda nne. Injini yake ya awali ilikuwa ikila oili na kompresheni imeshuka, ndipo nikanunua ya kwenu. Ile ya zamani mliichukua kama sehemu ya makubaliano, kwa hiyo sina pa kurudi.

Kazi ya kuifunga tuliifanya mimi na binti yangu kwa wikiendi tatu. Tulibadilisha raba za injini, sahani ya klachi na thermostati, tukasafisha rejeta. Kila boliti niliyoikaza kwa spana ya torki, yeye aliandika namba yake kwenye daftari. Kabla ya kuwasha tulitoa plagi zote, tukaizungusha kwa stata mpaka geji ya oili ikapanda, ili beringi zisianze kusagika kavu. Sijui gereji ingefanya nini zaidi ya hapo.

Mlio ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Ulikuwa mdogo, nikadhani ni tapeti hazijajaa oili. Kufika kilomita 180 injini ikawa inagonga chini, na kila nikikanyaga mafuta inazidi. Nilipochomoa waya wa plagi ya silinda ya tatu, kugonga kukapungua. Injini ikiwa ya moto, bila kukanyaga mafuta, preshia ya oili ilikuwa psi 6 tu. Nilizima gari papo hapo na sijaliwasha tena.

Niliwaomba ruhusa ya kufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mhudumu wenu alinijibu kwa barua pepe niendelee, ila nipige picha kila hatua. Nikafanya hivyo. Alama za rangi mlizopaka kwenye nati za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenki, zilikuwa hazijavunjika hata moja, maana yake hakuna aliyezigusa tangu zitoke kwenu. Hati yenu inasema krenki ilichongwa ikapungua milimita 0.25, hivyo beringi zake lazima ziwe nene zaidi kuziba pengo hilo. Beringi za silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zimegongwa muhuri wa 0.25 mgongoni, sawasawa kabisa. Za silinda ya tatu zimeandikwa STD, yaani saizi ya krenki ambayo haijachongwa.

Ndugu Meneja, fundi yeyote wa injini akiziona picha hizo hahitaji maelezo. Nafasi ya oili kati ya beringi na krenki inatakiwa iwe nyembamba kuliko unywele. Hapo mliacha robo ya milimita zaidi. Oili ilikuwa ikimwagika pembeni badala ya kuibeba konrodi, na chuma kikagonga chuma. Filta niliyoipasua imejaa vipande vinavyometameta.

Mngesema niliichemsha injini, ningeelewa mnakotoka. Lakini kile kidude cha joto mlichogundisha kwenye bloku, kinachoyeyuka injini ikichemka, kiko kizima. Na karatasi ya maelekezo iliyokuja ndani ya kreti inamweleza mfungaji hatua kwa hatua; hakuna mstari unaosema lazima awe gereji iliyosajiliwa. Sharti hilo nimelisikia mara ya kwanza siku mliponikatalia. Dhamana yenu ya miezi 12 inataja kasoro ya vifaa na ya ufundi. Beringi ya saizi isiyo yake ni kasoro ya ufundi, na ufundi huo ni wenu.

Nadai injini nyingine iliyokaguliwa, pamoja na gharama ya usafiri wa kwenda na kurudi, oili, filta na gasketi. Ikiwa hamna nyingine, nirudishieni fedha zote. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Beringi nimezihifadhi, na sitazituma kwa posta. Mkitaka kuziona, tumeni fundi wenu azipime mbele yangu.

Nimeambatisha picha 23, nakala ya hati ya dhamana, barua pepe ya mhudumu wenu na kurasa za daftari la binti yangu.

Wenu,
Mteja