Ma, mwambieni ami asivunje birika kwanza

Assalaam alaykum Ma, na wote mlioko hapo barazani maana najua hii itasomwa kwa sauti, na dada ndiye atakayesoma, dada usiruke maneno. Mimi mzima alhamdulillah, kazi ya kutunza wazee inaendelea, zamu za usiku zinachosha lakini mshahara unaingia.

Ile voisi ya ami kwenye grupu, kwamba fundi anakuja kuvunja birika la nyumba ya babu, lile la kuwekea maji chooni, aweke tenki la plastiki, niliisikia. Sikujibu siku ile kwa sababu nilikuwa sina la kusema. Sasa ninalo, nipeni dakika.

Jumamosi nilikuwa ofu, mwenzangu wa kazini, Mmeksiko, akanivuta twende Malibu, huko baharini California. Nikadhani tunaenda kuona mawimbi tu kumbe kuna nyumba inaitwa Adamson House, imejengwa 1930 kwa mtindo wa Kihispania, kuta nyeupe nene, paa la vigae vyekundu, matao, bustani yenye chemchemi za maji, mbele bahari na ubavuni wangwa wa mto unapoingilia baharini. Wallahi Ma, nilisimama getini nikasikia kama naingia Mkomani, kule Lamu. Wale Wahispania mtindo wenyewe waliupata kwa Waislamu waliotawala kwao karne nyingi, ndiyo maana macho yalizoea haraka.

Ndani ukumbini kuna zulia refu la Kiajemi, futi 60 hivi. Nikalikwepa kwa adabu, nikapita pembeni pembeni. Mzee anayetutembeza akacheka akaniambia pita tu, hilo si zulia, ni vigae! Nikainama. Ma, kila kitu ni udongo wa kuchoma, maua, mipaka, mpaka yale matamvua ya mwishoni wameyachora yamekaa shaghalabaghala kama zulia lililokanyagwa na watoto. Nilipitisha kidole kwenye tamvua moja na bado sikuamini.

Hivyo vigae vilitoka kiwanda cha mama wa mwenye nyumba, May Rindge. Huyu bibi ana kisa. Mumewe alinunua shamba zima la Malibu 1892, akafa 1905, bibi akabaki na ekari elfu 13 na zaidi pwani yote ile na hataki mtu apite. Kampuni ya reli ilipotaka kupita yeye akajenga reli yake mwenyewe ili kuwazuia, halafu serikali ikataka barabara, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, 1923 akashindwa. Kiwanda cha vigae alikifungua 1926, kikaungua 1931, mwaka uliofuata kikafungwa kabisa, na bibi mwenyewe alikufa 1941 mali karibu yote imekwisha. Kwa hiyo vigae vile havitengenezwi tena kule, kikivunjika kimoja ndo basi.

Nyumba alijenga binti yake, Rhoda, na mumewe Adamson. Walikuwa na kampuni ya maziwa, Adohr, dada hebu lisome hilo jina kutoka nyuma kwenda mbele.

Na mbwa, Ma, mbwa alikuwa na bafu lake nje, la vigae vya rangi! Astaghfirullah nilicheka mpaka machozi, mbwa anaoga kwenye kitu kizuri kuliko bafu langu mimi hapa ninapolipa kodi.

Sasa sikilizeni hapa. Tulipofika kwenye bwawa la kuogelea mwenzangu akasema kwa Kihispania, alberca. Nikamwambia sema tena. Al-ber-ca. Ni al-birka ya Kiarabu, ni birika letu lile lile! Mimi nikamweleza la babu, lile la chooni lenye chokaa, visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu, kata ya kifuu imening'inia msumarini, akaniuliza mna picha? Nikatafuta kwenye simu. Nina picha za harusi, za mbuzi, za ami na pikipiki yake mpya, ya birika hata moja sina.

Na jambo lililonikera zaidi, baada ya serikali kuinunua hii nyumba 1968 walitaka kuibomoa wapaki magari ya watu wa bichi. Paking! Watu wa pale wakakataa, wakapigana miaka, leo ni makumbusho, watu wanalipa kuingia kuona bafu la mbwa.

Simkatazi ami tenki. Maji ni shida najua, na yeye ndiye anayebeba madumu si mimi. Liwekwe juu ya dari, bomba lishuke ukutani, birika libaki chini hata kavu. Mwezi huu nikilipwa natuma za fundi wa chokaa, ami asinunue saruji, ile chokaa ya zamani haipatani na saruji, inabanduka, babu mwenyewe alikuwa akisema.

Dada, kesho asubuhi jua likiingia kwenye kidirisha, nenda nipigie picha. Birika, zile zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani, na ile kata. Usimuondoe paka akikaa pembeni, muache. Tuma kwa data yangu, nimeshakuwekea bando.