Marekebisho ya madokezo kwa Katibu Mkuu
Ndugu wanakikundi,

Madokezo mengi (maandishi mafupi ya kumwomba kiongozi uamuzi) mliyonitumia kwa mazoezi yanaanza na historia ndefu ya mradi, na ombi lenyewe linajitokeza ukurasa wa tatu, ambako Katibu Mkuu mwenye majalada mengi mezani huenda asifike. Tafadhali yaandikeni upya, aya ya kwanza ikitaja uamuzi unaoombwa na tarehe ya mwisho ya kuutoa, kisha gharama na kifungu cha bajeti kitakachoibeba, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza 1 Julai na jambo lisilotengewa fedha hukwama hata likiwa jema. Elezeni pia njia mbadala, ikiwemo ya kuacha mambo yalivyo, pamoja na hasara zake bila kuzipamba. Historia ihamie kwenye kiambatisho. (Neno “kuimarisha” lisiloambatana na kipimo, binafsi ningelifuta kote.) Nayasubiri Ijumaa, yasizidi kurasa mbili.