Muvi zetu zinaonwa Toronto, Mbagala hatuna habari

Mhariri, salaam.

Mimi nauza viatu vya mtumba hapa Mbagala Rangi Tatu, na gazeti lenu huwa linanifikia likishapita mikono ya watu watatu, hivo nikichelewa kujibu jambo mnisamehe. Kuna msomaji mwenzetu aliandika kwenye ukurasa huu kwamba Afrika Mashariki hatuna muvi zaidi ya mapenzi na mama mkwe, mtu akitaka ya kutisha au ya kisayansi aende kwa Wakorea na Wamarekani. Nikamsomea jirani yangu fundi simu, ambaye tunabishana muvi toka anafungua mpaka anafunga, naye akasema huyo jamaa kaongea kweli tupu. Sasa nawajibu wote wawili humuhumu.

Huyo msomaji kasahau, au alikuwa bado mdogo. Miaka ya 2000 mwanzoni Mussa Banzi alitutolea muvi ya kutisha ya hapahapa Bongo, Nsyuka, halafu ikaja Shumileta, na watoto wa uswahilini choo kiko nje basi ikawa kila mmoja anataka kusindikizwa. Picha mbovu sawa, sauti ndo usiseme, lakini lile lilikuwa jini la kwetu na tuliliogopa kikwelikweli, mimi mwenyewe nilikuwa na ndevu tayari.

Ya kisayansi je? Wanuri Kahiu wa Kenya katoa Pumzi toka 2009, ni fupi, dakika ishirini na kitu tu. Nilimwonesha fundi kwenye simu siku umeme umekatika hana kazi. Vita vya maji vimeshapiganwa, nje hakuna kinachoota, watu wanaishi wamejifungia ndani na jasho lako na mkojo wako vinachujwa unarudishiwa kwenye chupa unakunywa. Kuna dada anaitwa Asha yuko makumbusho, analetewa udongo hajui umetoka kwa nani, anaunusa, anapandikiza mbegu. Fundi hakusema neno mpaka mwisho halafu akaniuliza, "Sasa steringi kafa au hajafa?" Nikamwambia angalia tena. Akaangalia tena! Na hapo ujue wiki ile maji yalikuwa yamekata mtaa mzima, tunanunua kwa dumu, kwa hiyo ile chupa hakuhitaji kuelezwa.

Lakini iliyomkamata hasa ni Neptune Frost ya 2021, ya Saul Williams na mkewe Anisia Uzeyman. Imepigwa Rwanda, hadithi ni ya Burundi, watu wanaimba na kuongea Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili pia kimo. Niseme ukweli nusu ya mambo yake sikuyaelewa, na anayesema kaielewa yote mara ya kwanza huyo tumwache na uongo wake. Ni habari ya wachimbaji wa madini ya koltani na vijana wanaoingilia mitandao ya dunia wakiwa kwenye kijiji walichokijenga kwa mabaki ya kompyuta. Mimi nilikuwa nasikiliza ngoma, fundi akanishika mkono, "Simamisha hapo, rudisha nyuma," kaona nguo! Wamevaa waya, vitufe vya kibodi, vipande vya bodi za kompyuta kabisa. Akaanza kuvitaja kimoja kimoja kwa majina. Nikamwambia hiyo koltani wanayoichimba ndo inatoa metali inaitwa tantali, na tantali ndo iko kwenye vile vikapasita, vile vidude vidogo vya kwenye bodi ya simu unavyovihangaikia na kibano kutwa nzima. Hakunijibu, aliinama akachukua bodi bovu kwenye ndoo yake ya takataka akaigeuzageuza kwenye taa. Miaka kumi na moja anatengeneza simu, hakuna mtu aliyewahi kumletea muvi inayomhusu yeye.

Sasa Mhariri hapa ndo kwenye hoja yangu. Hizi muvi zipo, ila njia zinazopita hazifiki kwetu. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye kitabu cha Adam Shafi ambacho wengi tulikisoma shule, watu wa Toronto kule Kanada waliiona kwenye tamasha lao la filamu Septemba 2021. Mimi nilikuja kusikia inaoneshwa ukumbi fulani mjini, nikafunga biashara mapema, nikapanda daladala mbili kwenye foleni ile mnayoijua, kufika naambiwa mwisho ilikuwa jana. Tangazo lilikuwa wapi? Instagramu. Mimi bando langu ni la kuangalia bei ya mzigo.

Halafu mtu anasema watu wa chini hawapendi muvi za matamasha. Wamepelekewa lini wakazikataa? Angalieni Uganda, Isaac Nabwana wa kule Wakaliga alikuwa mtu wa kufyatua matofali, 2010 akatoa Who Killed Captain Alex? kwa hela ambayo wenyewe wanasema haikufika dola 200, helikopta za kwenye kompyuta, kung'fu, vurugu mwanzo mwisho. Na nakala yake halisi hata haipo tena, aliifuta apate nafasi kwenye kompyuta apige muvi nyingine, iliyobaki ni ile yenye sauti ya mtafsiri wao VJ Emmie, anacheka, anasifia, anawatania waigizaji humo humo muvi ikiendelea. Sasa hivi wazungu wanaishangilia wakidhani ni kitu kipya, wakati sisi tumekulia hivohivo kwenye mabanda ya video na sauti ya mtafsiri wetu Lufufu, na Wakenya wana DJ Afro wao. Muvi ya Kichina ambayo hatukujua hata neno moja tuliielewa kwa sababu kuna mtu alikaa na maiki akatuvusha.

Ndo maana nasema wenye hizi filamu wawatafute hawa watafsiri, wawalipe vizuri kwa makubaliano, waziingize kwenye vibanda umiza kabla hazijaibwa. Neptune Frost na mtafsiri mjanja, jumapili saa nane, kiingilio mia tano, banda linajaa, mimi nabisha na mtu yeyote. Najua wasanii watalia kwamba mtafsiri anaharibu kazi yao na kwa Pumzi nitakubaliana nao, ile uzuri wake ni ukimya. Lakini sio zote.

Na nyie gazeti mna lawama yenu. Ukurasa wa burudani wa jumamosi nimeuhesabu, robo tatu ni nani kaachana na nani. Toeni hata kipande cha kiganja kimoja tu: muvi gani, inaoneshwa wapi, mpaka lini, bei gani. Zanzibar tamasha la filamu la ZIFF linafanyika kila mwaka toka 1998, na huku ng'ambo ya pili ya maji tunasoma habari yake likishaisha.

Fundi bado anasema Wakorea wako juu. Ila juzi kaja mwenyewe na flashi anauliza kama nina nyingine ya Wanyarwanda, sina, kwa hiyo msomaji yeyote mwenye nayo, au mwenye Vuta N'Kuvute kwa njia ya halali, aandike kupitia ukurasa huu. Gazeti litatufikia tu, siku ya pili au ya tatu.

Ni mimi muuza viatu,
Mbagala, Dar es Salaam