Jumanne: vyuma vyepesi, kasi kubwa

Habari zenu wanakikundi. Jumanne tunaanza wiki 4 za kasi, na tafadhali mtu asiongeze vyuma kwa kuona aibu. Kwenye skwati (kuchuchumaa na kusimama ukiwa na chuma mabegani), weka asilimia 50 hadi 60 ya uzito mkubwa unaoweza kuinua mara 1 tu. Anayeinua kilo 100 atumie 50 hadi 60, basi. Seti 6 za mara 3, na baada ya kila seti pumzika dakika 2 kamili hata kama hujachoka. Hapa hatutafuti jasho.

Shuka kwa utulivu, panda kwa nguvu zako zote. Uzito mwepesi ukipandishwa polepole ni kupasha misuli tu. Ukiona kasi inashuka, rudisha chuma kwenye stendi hata kama seti haijaisha.

Kuna kasoro moja. Chuma kikiwa chepesi, mwili huanza kufunga breki kabla hujafika juu, kisije kikaruka mabegani. Ndiyo maana baada ya skwati tutaruka: seti 4 za mara 3, mikono mitupu au dambeli ya kilo 5 kila mkono. Tanguliza sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kifuate, magoti yaelekee vidole vilipo wala yasiingie ndani. Ukisikia kishindo, umetua umekakamaa. Punguza urefu wa mruko.

Kupasha misuli dakika 10, anayechelewa apashe peke yake. Mwenye goti linalouma aniandikie pembeni, atarusha mpira mzito ukutani badala ya kuruka.