Msalaba mwekundu wa matanga ya Wareno

Lisbon

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Mama mpe shikamoo yangu.

Umeuliza uwajibu vipi wanafunzi wako kuhusu msalaba mwekundu wa matanga ya Vasco da Gama. Usianzie Yerusalemu, anzia Tomar, mji ulio kaskazini mwa hapa. Watempla, wale watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba, walikuwa na ngome yao pale. Papa alipolivunja shirika lao mwaka 1312, Mfalme Dinis hakukubali mali ile itoke Ureno. Akaanzisha Shirika la Kristo, likaidhinishwa 1319, na mashamba, ngome na hata baadhi ya watawa wenyewe wakahamia humo. Jina jipya, hazina ileile. Kuanzia 1420 msimamizi alikuwa Mwanamfalme Henrique, na mapato ya shirika yakasaidia kugharamia merikebu za kushuka pwani ya Afrika. Kisha 1456 Papa Calixtus III akalipatia shirika hilo mamlaka ya kidini katika nchi ambazo Wareno wangezifikia. Kwa hiyo msalaba ule, alama ya Shirika la Kristo, ulikuwa muhuri wa mwenye safari. Ukiichora ubaoni, usisahau msalaba mwembamba mweupe ndani ya ule mwekundu. Ndio unaoitofautisha na ya Watempla.

Ila usiwaache wakariri kwamba ilikuwa Wakristo upande huu, Waislamu upande ule. Lisbon ilitekwa Oktoba 1147 na Mfalme Afonso Henriques, akisaidiwa na Waingereza, Wajerumani na Waflemi waliokuwa njiani kwenda Palestina. Walipoingia, miongoni mwa waliowachinja ni askofu mzee wa Wakristo wenyeji. Na kwetu, 1498, Mombasa ilimshuku Gama, Malindi ikampokea na kumpa rubani, kwa kuwa mfalme wa Malindi alikuwa na uhasama wake na Mombasa.

Kisa kitakachowaamsha ni cha Yusuf bin Hassan. Wareno walimlea Goa, koloni lao huko India, wakambatiza Dom Jerónimo, wakamwingiza katika Shirika hilohilo la Kristo, kisha wakamrudisha kutawala Mombasa. Agosti 1631 akamuua kapteni wa Fort Jesus, akarudi katika Uislamu, ngome ikawa yake. Mwaka uliofuata Wareno walikuja kuizingira wakashindwa. Baadaye mwenyewe akaiacha, akatweka.

Mkifika kwenye nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi, waonyeshe kwamba chini ni matumbawe ya kwetu, ila msalaba wa juu umechongwa kwa jiwe la chokaa lililoletwa kutoka huku, na una ngao ya mfalme wa Ureno.

Wasalimie wote.

Kaka yako