Malalamiko: Bunduki tatu za peintiboli zenye waya mbovu, na jibu lenu kwamba ni baridi ya Mbeya

Uyole, Mbeya
18 Julai 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA WARANTI YA BUNDUKI TATU ZA PEINTIBOLI

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mwezi Aprili nilinunua kwenu bunduki sita za umeme za peintiboli, ule mchezo wa kurushiana risasi za rangi, kwa ajili ya kiwanja changu hapa Uyole. Risiti ya EFD ninayo, na waranti mliyoniandikia ni ya miezi 12. Tatu zinapiga vizuri mpaka leo. Tatu nyingine zilianza kugoma kabla ya wiki tatu kwisha. Barua yenu ya tarehe 7 Julai inanikatalia kwa sababu mbili: kwamba ukungu na baridi ya Mbeya vimeingiza unyevu kwenye umeme wake, na kwamba zimefunguliwa na mtu asiye fundi wenu. Sikubaliani na hata moja, na naomba mnisome mpaka mwisho, maana nimekesha na bunduki hizi mezani.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Unawasha, taa ya kijani inawaka, unavuta kifyatulio, kimya. Mara nyingine zinatoka risasi ishirini bila shida, ya ishirini na moja inagoma.

Nilianza na betri, kama dada aliyepokea simu yangu alivyonielekeza. Hapo alikuwa sahihi. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na asubuhi za mwezi huu huku kwetu maji ya bomba yanauma vidole. Kwa hiyo nilinunua Mwanjelwa betri mpya za alkalini za volti 9, nikazipasha joto ndani ya koti, nikajaribu saa saba mchana juani. Nikaweka multimita, yaani kipimo cha umeme, huku mwanangu akivuta kifyatulio. Kwenye bunduki nzima, kila akivuta, namba inashuka kidogo na kurudi. Kwenye hizi tatu namba haikucheza kabisa, yaani betri ina nguvu lakini hakuna kinachouvuta umeme wake.

Nikahamia kwenye macho, zile sensa mbili zinazotazamana pale risasi inapokaa. Yakizibwa na rangi, bunduki inashindwa kujua kama risasi imeingia. Niliyafuta kwa pamba, kisha nikayazima kabisa. Hali ikawa ile ile. Swichi ndogo nyuma ya kifyatulio inalia vizuri, na mita inaonyesha inaunga na kuachia kama inavyotakiwa.

Ikabaki njia ya kutoka kwenye bodi ya umeme kwenda kwenye solenoidi, ile vali ya umeme inayoachia hewa ya kusukuma risasi. Kwenye bunduki hizi waya huo unachomoka pande zote mbili, kwa hiyo nikaubadilishana. Waya wa bunduki nzima nilipouweka kwenye mbovu, mbovu ikapiga. Waya wa mbovu nilipouweka kwenye nzima, nzima ikanyamaza. Nilirudia kwa zote tatu, na kila mara ugonjwa ulihama na waya. Bodi ni nzima, solenoidi ni nzima.

Fundi saa mmoja aliniazima lenzi yake. Ndani ya plagi nyeupe, upande wa bodi, pini ya waya mwekundu imebanwa juu ya ganda la plastiki badala ya kubanwa juu ya shaba. Nyuzi mbili tatu tu za shaba zinagusa chuma kwa pembeni. Ukiusukuma waya kwa ukucha, bunduki inafyatua. Ukiachia, inakufa. Shaba inang'aa, haina ukijani wala doa. Ndugu Meneja, unyevu huacha kutu. Hauwezi kuishika pini na kuibana mahali pasipotakiwa, tena kwenye bunduki tatu, kwenye waya ule ule. Hilo limefanyika kiwandani.

Kuhusu kufungua: kitabu chenu chenyewe kinaniagiza kulegeza skrubu mbili za mpini ili kubadili betri, na ukishazilegeza plagi hiyo iko mbele ya macho yako. Sikuchomelea kitu, sikukata kitu. Na kuhusu baridi, hata gesi ya kabonidayoksaidi ya kusukumia risasi sijawahi kuijaza, ingawa huku ni rahisi kuipata kuliko hewa ya shinikizo. Kitabu kinaikataza kwa sababu majimaji yake ya baridi huharibu solenoidi. Ninajaza hewa tupu. Masharti yenu nimeyafuata.

Mwezi Mei niliwatumia bunduki moja kwa basi, nikalipa shilingi 18,000. Ilirudi na karatasi iliyoandikwa "imerekebishwa". Kilichobadilishwa ni betri tu, tena iliyowekwa si ya alkalini. Siku ya pili ikagoma tena. Hakuna aliyefungua ile plagi.

Jumamosi ya tarehe 14 Juni nilipokea vijana kumi na wawili waliochanga pesa zao wenyewe, wakacheza kwa zamu, watatu kwa watatu. Binti mmoja alitoka nyuma ya matairi akiwa na madoa manne ya rangi kifuani. Alikuwa amevuta kifyatulio kila mara na hakuweza kujibu hata risasi moja. Nililiona hilo, lakini lililonitisha zaidi ni alichofanya baadaye: aliigeuza bunduki, akaanza kuinua kinga ya uso ili achungulie mdomo wa bunduki. Nilimkimbilia nikipiga kelele. Waya huu ukiguswa kidogo tu unaunga, na kama kidole kiko kwenye kifyatulio, risasi inatoka. Peintiboli ikimpata mtu jicho bila kinga, jicho linaweza kupotea. Tangu siku hiyo bunduki hizo nimezifungia kabatini, na vijana wale niliwarudishia pesa zao.

Ninaomba mnitumie nyaya sita mpya, si tatu, kwa sababu namba za bunduki zote zinafuatana na sina imani na zile zinazopiga leo. Kila pini ikaguliwe kabla ya kufungashwa. Mnirudishie nauli ya mzigo, kwenda na kurudi, shilingi 36,000. Kama nyaya hazipo, mzichukue bunduki tatu na kunirudishia pesa zake. Na wengine walionunua mzigo ule ule wapigiwe simu wiki hii hii, waambiwe waache kuzitumia mpaka plagi zikaguliwe. Hili la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko pesa zangu.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Yasipofika, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na barua zenu zote.

Nimeambatisha nakala ya risiti, karatasi ya "imerekebishwa", na picha za plagi tatu nilizopiga kupitia lenzi. Waya mmoja nimeufunga ndani ya bahasha hii. Mpeni fundi wenu auangalie kwenye mwanga, upande wa waya mwekundu.

Wenu,
Mteja wenu, kiwanja cha peintiboli, Uyole