Usituletee hata mchanga

Mwanangu,

Mdogo wako amenisikilizisha ujumbe wako wa sauti mara mbili. Unamwambia wiki ijayo mnatoka Windhoek na wenzako kwenda kuuona Kolmanskop, ule mji wa almasi uliohamwa, na kwamba utamletea chupa ya mchanga wa huko na "kakitu kengine kadogo". Hako kakitu kamenikosesha usingizi. Halafu habari yenyewe nilistahili kuisikia kwako, si kwa mtoto wa darasa la sita.

Kwenda nenda, sikukatazi. Ila usiokote kitu. Usituletee kitu chochote, hata huo mchanga.

Wewe ndiye msomi na najua utasema baba ana woga wa kizee. Basi anza na sheria. Mji ule umo ndani ya eneo ambalo Wajerumani walilifunga mwaka 1908 kwa ajili ya almasi, na mpaka leo huingii bila kibali. Namibia ina sheria kali juu ya almasi ambayo haijakatwa: ukikutwa nayo huna idhini, ni kosa. Hawatakuuliza kama uliiokota kwa kucheza. Na wewe ni mgeni pale. Kijiwe kinachong'aa mchangani, hata kama ni kipande cha chupa, kipite. Usiiname.

Mji wenyewe ulianza kwa mtu kuinama. Zacharias Lewala alikuwa kibarua wa reli, akizoa mchanga njiani, akaona jiwe, akampelekea msimamizi wake, August Stauch. Huo ulikuwa mwaka huohuo wa 1908. Stauch akatajirika. Lewala tunalo jina lake tu. Ukifika watakuonyesha ukumbi wa dansi, kiwanda cha barafu, hospitali iliyokuwa na mashine ya eksirei, na watakueleza jinsi watu walivyoishi kifahari jangwani wakati maji yanaletwa kwa meli kutoka Cape Town. Sikiliza, ni habari nzuri. Lakini uliza pia walilala wapi Waovambo waliokuja kwa mkataba, wale waliotambaa kwa tumbo mchangani wakiokota almasi kwa vidole. Ile eksirei walipigwa wao, ionekane kama wamemeza jiwe. Ukiandika ripoti yako waanze hao. Almasi kubwa zaidi zilipoonekana kusini, karibu na mto Orange, watu wakaanza kuhama, na kufikia 1956 hakubaki mtu. Sasa mchanga umeingia vyumbani mpaka kiunoni na milango haifungiki.

Mambo hayo nimeyasoma wiki hii yote kwa sababu yako. Mama yako anasema sijawahi kusoma hivi tangu anijue.

Sasa nikuambie la kwangu. Ile sufuria ndogo ya bluu unaikumbuka, sina haja ya kueleza. Usilolijua ni kwamba mama yako alinikataza tangu siku ya kwanza nisiiingize jikoni. Mimi nilikuwa natoka duarani, kwenye shimo letu la dhahabu, usiku, marudio, ule mchanga uliobaki baada ya kusaga mawe, nimeshaosha, dhahabu nimeshaikamatisha kwa zebaki, naogopa kuichomea kule kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, wenzangu wasije wakaona nilichopata. Nikawa naichomea nyumbani. Kile kidonge kinaanza cheupe kama fedha, kikipata moto kinasinyaa, kinatokeza manjano taratibu kutokea pembeni. Nilikuwa nawaita mje muone. Moshi wa zebaki hauonekani wala haunuki, na mimi nikadhani kisichonuka hakipo. Hata siku ile chupa ya zebaki ilipopasuka, mkawa mnakimbiza vile vishanga sakafuni, nilicheka na nyinyi.

Kaka yako akishika kikombe mikono inatetemeka. Daktari alisema hawezi kusema kwa hakika imesababishwa na nini. Nimeliegemea neno hilo miaka mingi, na kila akimwagikiwa na chai nalirudia moyoni.

Kwa hiyo mtu akiniambia anatuletea kitu kutoka machimboni, iwe mchanga, iwe jiwe, iwe msumari wa mlango wa zamani, roho yangu hairuhusu. Najua Kolmanskop si duara langu, na mchanga wa jangwani si zebaki. Najua. Usituletee hata hivyo.

Ukiwa ndani ya nyumba zile, usitangulie kupanda ngazi ya mbao. Mbao za zaidi ya miaka mia zilizobeba mchanga zinakuwa nzima machoni tu. Vaa viatu vilivyofunika mguu, misumari mingi. Jifunge kitambaa puani, upepo wa kule ukianza mchana haubishi hodi. Na usiachane na wenzako kwa ajili ya picha, maana nakujua, ukishika kamera huoni shimo. Ile tabia ya kunijibu "nimeelewa" huku unaangalia pembeni naiona hata kwenye simu.

Ukitoka, kung'uta viatu palepale. Kagua mifuko ya suruali na mikunjo yake. Simaanishi una nia mbaya.

Nikuambie na hili, maana sikulisema ulipoondoka, nilishughulika na kufunga mizigo: mimi niliingia machimboni kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Wewe unaingia na daftari, umealikwa, na utatoka saa unayotaka. Niliposikia mtu anakuita mhandisi mtarajiwa nilitoka nje kidogo.

Hapa tuko salama. Tangi limeanza kuvuja tena chini ya koki, fundi amekuja mara mbili, anaziba kwa gundi, kesho yake linatiririka. Mbuzi mweupe kazaa pacha, mmoja dhaifu, mdogo wako anamnyonyesha kwa chupa na amekataa kulala mbali naye. Chupa ni ileile aliyoitenga kwa ajili ya mchanga wako, kwa hiyo hilo limekwisha. Ukitaka kumletea kitu, mnunulie daftari lenye mistari mipana huko Windhoek, dukani, na risiti ikae ndani.

Mama yako ana wiki tatu hajasikia sauti yako, hasemi ila anaweka simu karibu na mto. Betri yake haifiki jioni. Piga kabla ya magharibi, uongee naye kwanza, mimi baadaye. Kaka yako pia atakuwepo Jumapili. Yeye usimwambie nimeandika nini kuhusu mikono yake, nataka nimwambie mwenyewe.

Baba yako